Pesa za kuhamisha matatu, bodaboda na steji kwenda kwenye umeme: mwongozo kwa sacco na kaunti

Mwenyekiti wa sacco akisikia kuna "pesa za tabianchi", swali lake la kwanza huwa: fomu zinatolewa wapi? Swali si baya, ila limetangulia. Hakuna ofisi hapa Kenya itakayokupa hundi moja ya kununua basi la umeme, kuweka chaja, kuvuta laini ya stima na kulipia ardhi ya kituo. Zipo ofisi nyingi, na kila moja ina kipande inachokipenda na vingine isivyotaka hata kuvisikia. Wanaofanikiwa ni wale wanaoukata mradi vipande wao wenyewe, kisha wakabisha kila mlango na kipande chake.

Mwongozo huu ni wa mazingira ya Kenya: kwa mwenye matatu au bodaboda, kwa viongozi wa sacco, na kwa maafisa wa kaunti wanaoshughulikia uchukuzi. Rwanda na Tanzania nimezitaja pale tu zinapofundisha jambo.

Kabla ya hesabu, hoja moja ya kuweka mfukoni. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Basi likitoka kwenye diseli likaingia kwenye stima, moshi wake haujahamia kwenye mtambo wa makaa ulioko mahali pengine, umepungua kwelikweli. Mfadhili analijua hilo tayari. Usimwandikie kurasa tano za kuyeyuka kwa theluji ya Mlima Kenya. Aya moja inatosha, kisha mpe namba.

Hatua ya kwanza: ruti moja, daftari moja

Usianze na "kugeuza magari yote ya sacco". Chagua ruti moja yenye urefu unaojulikana, yenye abiria wa kwenda na wa kurudi, na ambayo magari yake hulala mahali pamoja kila usiku. Hilo la mwisho husahaulika mno. Basi linalolala leo Rongai, kesho Embakasi, kwa sababu dereva huenda nalo nyumbani, haliwezi kuchajiwa kwa bei ya usiku, na bei ya usiku ndiyo inayobeba hesabu yote.

Kisha chukua daftari la makanga. Wengi wanalo: ukurasa mmoja kwa siku, kalamu ya buluu, mafuta 6,800, kuosha gari 300, ya steji 200, squad (wale wa kushikia zamu) 1,000, na chini kabisa kilichobaki cha mwenye gari. Kinachokosekana karibu kila mara ni kilomita. Kwa mkopeshaji, "mafuta 6,800" bila kilomita haina kichwa wala miguu, maana hajui kama gari lilizunguka kilomita 120 au 200. Andikeni namba ya mita asubuhi kabla ya safari ya kwanza, na tena usiku baada ya ya mwisho. Fanyeni hivyo mwezi mzima bila kuruka, ili ziingie siku za mvua, wikendi, na zile siku za tarehe 20 na kitu ambapo abiria wanatembea kwa miguu wakisubiri mshahara. Siku gari lisipotoka, andikeni pia, na sababu yake.

Halafu kuna suala la noti na sarafu. Nauli inayopokelewa mkononi haionekani benki. Pokeeni sehemu kubwa ya nauli kwa tili ya M-Pesa (namba ya malipo ya biashara), ili taarifa ya miezi sita iwe ushahidi. Afisa wa mikopo akiiweka taarifa ya tili kando ya daftari na namba zikakaribiana, huacha kuuliza kama biashara ipo na kuanza kuuliza mnataka muda gani. Zikipishana, elezeni nyinyi wenyewe mapema. Msimwache agundue akiwa peke yake na faili.

Hatua ya pili: piga hesabu ya tofauti, na uone inavyoweza kukugeuka

Namba zifuatazo ni za mfano. Weka zako.

Basi la abiria 33 linazunguka kilomita 180 kwa siku, na lita moja ya diseli inalisukuma kilomita 4.5. Hiyo ni lita 40. Lita ikiwa Sh170, mafuta ni Sh6,800 kwa siku. Basi la umeme la ukubwa huohuo likila yuniti (kilowati-saa) 0.8 kwa kilomita, litataka yuniti 144. Tuseme yuniti moja, pamoja na tozo na kodi, inafika Sh18. Hiyo ni Sh2,592. Tofauti ni Sh4,208 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh109,408 kwa mwezi.

Tuseme pia basi la umeme linazidi la diseli kwa Sh4,000,000. Ukikopa hizo milioni nne za ziada kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, ulipe kwa miaka minne, rejesho ni takriban Sh109,300 kwa mwezi. Akiba yote ya mafuta imemezwa, na mwenye gari amebaki na shilingi mia moja ya kunywa chai. Sasa ongeza muda hadi miaka sita. Rejesho linashuka hadi kama Sh82,400, na kila basi linaacha takriban Sh27,000 kwa mwezi. Gari ni lilelile, ruti ni ileile, riba ni ileile. Kwa hiyo mtu akikuuliza unatafuta nini, usikimbilie kusema "ruzuku". Mara nyingi unachotafuta ni miaka miwili zaidi.

Kisha ijaribu hesabu hiyo kwa mabaya. Diseli ikishuka hadi Sh150, akiba inapungua kwa Sh20,800 kwa mwezi, na zile elfu 27 zinabaki elfu sita na ushei. Basi likikaa gereji siku nne, Sh16,832 nyingine zimepotea. Akiba ya oili na filta sijaiingiza. Iache iwe mto wa kuegemea. Mkopeshaji atafanya majaribio haya hata usipoyafanya wewe, na ni afadhali akukute unayajua.

Hatua ya tatu: kata mradi vipande

Gari lina logibuku (hati ya umiliki), linaweza kusajiliwa kwa jina la benki na la mwenye gari kwa pamoja, na likishindwa kulipiwa linaweza kuchukuliwa na kuuzwa. Benki inalielewa. Betri ni shida nyingine: huchakaa taratibu, na soko la betri za mitumba halijakomaa, kwa hiyo benki haijui itaiuza kwa nani. Kipande hicho mwachie anayezijua betri. Chaja hujilipa kwa matumizi, na kuna wawekezaji wanaopenda mali ya aina hiyo.

Transfoma na laini ya stima ndicho kipande kigumu kuliko vyote. Unalipia wewe, lakini ikishasimikwa kwa kawaida huwa ya Kenya Power, na huwezi kuiweka rehani. Hakuna benki inayofurahia kukopesha kitu ambacho hakiwezi kushikwa. Hapo ndipo ruzuku au pesa za kaunti zinapofaa. Ardhi ya kituo ni ya kaunti kuitoa au kuikodisha. Mafunzo ya madereva na mafundi, na upembuzi yakinifu, ni ya wafadhili.

Ukishagawa hivyo, utaona kwamba ruzuku unayoihitaji ni ndogo kuliko uliyokuwa ukiiota, na kwamba unaweza kueleza kila shilingi yake inakwenda wapi.

Hatua ya nne: gari na betri

Kuna njia mbili kubwa kwa mabasi. Ya kwanza ni mkopo wa kawaida wa kununua gari, ambapo betri ni yako na hatari yake ni yako. Ya pili ni ile iliyoletwa Nairobi na BasiGo, kampuni ya mabasi ya umeme, kuanzia 2022: mwenye gari hulipa sehemu ya bei mwanzoni, kisha hulipa kwa kila kilomita, na malipo hayo ya kilomita yanabeba betri, kuchaji na matengenezo. Kwa sacco nyingi za kuanzia, naona njia ya pili ni salama zaidi. Mgala muue na haki mpe: kwa jumla unalipa zaidi kwa miaka mingi, lakini betri ikizeeka mapema si wewe utakayekosa usingizi.

Kabla ya kutia sahihi, soma mkataba ukiwa na maswali haya. Je, kuna kiwango cha chini cha kilomita kwa mwezi ambacho utalipia hata gari likilala? Gari likiharibika barabarani, ni saa ngapi kabla ya fundi kufika, na je, malipo yanasimama? Betri ikipungua uwezo hadi wapi ndipo inabadilishwa, na nani anaupima huo uwezo? Malipo ya kilomita yanaweza kupandishwa kwa sababu gani? Na kampuni ikifunga, gari linabaki la nani na litachajiwa wapi? Swali la mwisho huwa linaleta kimya mezani. Uliza tu.

Kwa bodaboda mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu betri inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine kwa dakika chache. Kampuni za Ampersand na Spiro zina vituo vya kubadilisha betri, Roam inatengeneza pikipiki zake Nairobi, na kampuni za mikopo za M-KOPA na Watu zimekuwa zikikopesha pikipiki za umeme kwa malipo ya kila siku. Mwendeshaji analinganisha jambo moja: pesa anazotoa kila siku kwa mkopo na betri, dhidi ya alizokuwa akitoa kwa mkopo na petroli. Ila kabla ya kuchukua pikipiki, zunguka kwanza eneo lako la kazi na uhesabu vituo vya kubadilisha betri. Kimoja tu, tena upande wa pili wa mji, kitakulia muda wa wateja. Huko Kigali, tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria hazisajiliwi tena, na uamuzi wa namna hiyo huwapa wenye vituo uhakika wa wateja. Hapa kwetu uhakika huo unaweza kuutengeneza wewe: chama cha bodaboda chenye wanachama mia mbili kikiandika barua ya pamoja kwamba kitabadilisha betri katika kituo fulani, kampuni ya betri ina sababu ya kukijenga.

Kuhusu kodi: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka mabasi ya umeme, pikipiki za umeme na betri za lithiamu kwenye kiwango cha sifuri cha VAT. Lakini mambo haya hurudi Bungeni kila mwaka ifikapo Juni. Omba nukuu ya bei inayotenganisha bei ya gari, ushuru na kodi, na iandikwe wazi ni nani atakayebeba tofauti sheria ikibadilika kati ya kuagiza na kupokea.

Hatua ya tano: stima kabla ya basi

Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari: Sh16 kwa yuniti saa za kawaida na Sh8 saa za usiku zenye matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi, kwa mteja anayetumia hadi yuniti 15,000 kwa mwezi. Ulizia Kenya Power kiwango kinachotumika unapofanya hesabu yako, na kinachofuata ukivuka mpaka. Si jambo la kupuuza. Basi letu la mfano linakula yuniti 144 kwa siku, yaani 3,744 kwa mwezi. Mabasi manne ni yuniti 14,976. Ukiongeza la tano, umeshavuka.

Bei hiyo inataka mita yake pekee, isiyochanganywa na gereji, duka wala taa za ofisi. Peleka ombi la mita na la uwezo wa laini mapema, kabla hujalipa amana ya basi. Mabasi manne yakichajiwa usiku kwa saa nane yanataka kama kilowati 72 kwa wakati mmoja, na hapo bado hujahesabu kinachopotea njiani. Transfoma inayohudumia mtaa mzima wa nyumba na posho-mill haitabeba hilo. Utapewa makadirio ya gharama ya kuunganishwa. Karatasi hiyo ni ya thamani kuliko inavyoonekana: ndiyo inayogeuza maneno "tunahitaji msaada wa miundombinu" kuwa namba moja yenye muhuri, ambayo unaweza kuipeleka kwa kaunti au kwa mfadhili.

Kituo kikubwa cha kuchaji kitahitaji pia kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Ulizia ngazi ya tathmini inayotakiwa kabla ya kumlipa mtaalamu.

Hatua ya sita: kaunti, na kalenda yake

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, maegesho, barabara za kaunti na taa za mitaani. Kwa hiyo afisa akikwambia usafiri ni mambo ya Nairobi, mwonyeshe jedwali hilo kwa heshima.

Maoni yangu ni kwamba kaunti isinunue mabasi. Matatu tayari zina wenyewe, nauli tayari inalipwa, na basi la umma lisilo na mwenye uchungu nalo huishia kwenye yadi likiwa juu ya mawe. Pesa za kaunti ziende kwenye vitu ambavyo nauli haiwezi kuvilipia: ardhi ya kituo, laini ya stima, steji yenye paa na taa, na njia za wapita-njia. Hizi za mwisho ndizo rahisi kuliko zote. Jijini Nairobi takriban safari nne katika kila kumi ni za miguu, na sera ya jiji ya 2015 kuhusu usafiri usio wa magari ililenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea-kwa-miguu na baiskeli. Mtu anayetembea kwa usalama hadi sokoni hahitaji kuhamishiwa kwenye umeme.

Sasa, pesa zinaingiaje? Kwanza lazima mradi uwe kwenye mpango. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinazuia kutengwa kwa pesa za umma nje ya mpango uliowekwa. Mpango mkubwa ni ule jumuishi wa miaka mitano, na wa sasa unafika 2027. Usome, utafute sentensi ya kushikilia: "kuboresha steji", "taa za mitaani", "nishati safi". Karibu kila kaunti ina moja. Mradi wako uandikwe chini ya sentensi hiyo, kwa maneno yaleyale.

Kisha ijue kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Sacco nyingi hujitokeza kwenye kikao cha wananchi cha Mei, zimevaa fulana za rangi moja, zikiomba kitu ambacho kilipaswa kuingia Agosti iliyopita. Wakati huo waziri wa fedha wa kaunti akitaka kuwasaidia, itambidi amnyang'anye mtu mwingine. Nendeni Julai na Agosti, mkiwa na ukurasa mmoja, ramani ya eneo, na ile karatasi ya makadirio kutoka Kenya Power. Mwonane na MCA (mwakilishi katika bunge la kaunti) wa wadi ambako magari hulala, si yule wa steji ya mjini peke yake, maana chaja itawekwa yanakolala.

Vyanzo vyenyewe ni hivi. Bajeti ya maendeleo ya kaunti ndiyo ya kwanza. Manispaa zilizo na bodi na hati zake zinaweza kufaidika na ruzuku za maendeleo ya miji kupitia mpango wa KUSP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Katika awamu ya kwanza ruzuku hizo zilijenga vituo vya magari, njia za miguu, mifereji na taa katika miji mingi. Kwa steji na njia za miguu, huo ndio mlango ninaoupendelea. Upo pia mpango wa FLLoCA wa Hazina ya Kitaifa, nao unapitia kamati za tabianchi za wadi, lakini umeelekezwa hasa kwenye kustahimili ukame na mafuriko. Msilazimishe basi liingie humo. Mfereji wa kuzuia steji isifurike kila Aprili una nafasi nzuri zaidi. Makueni ilikuwa na kanuni za mfuko wake wa tabianchi tangu 2015, na kaunti nyingine zimefuata na sheria zao. Pateni nakala ya sheria ya kaunti yenu, msome ni miradi gani inayoruhusiwa.

Kuhusu kukopa: Ibara ya 212 ya Katiba inasema kaunti itakopa tu ikiwa serikali ya kitaifa imeidhamini na bunge la kaunti limekubali. Ni mlango mzito. Ubia na kampuni binafsi chini ya sheria ya 2021 unaweza kufaa kwa mtandao mkubwa wa vituo, lakini kwa kiwanja kimoja unatosha ukodishaji wa ardhi kwa zabuni ya wazi, wa miaka inayozidi muda wa mkopo wa chaja. Anayekodi ardhi akipewa miaka mitano ilhali mkopo wa chaja ni wa miaka saba, hakuna atakayemkopesha.

Hatifungani za kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, huzungumzwa sana kwenye makongamano. Mfano mzuri uko Tanga, ambako mamlaka ya maji mwaka 2024 ilitafuta Sh53.12 bilioni za Tanzania kwa wawekezaji. Ile ni mamlaka yenye bili za maji zinazolipwa kila mwezi, na mwekezaji aliziona. Kaunti inayotaka kufuata njia hiyo ianze kwa kuonyesha mapato ya maegesho ya miaka mitatu, yaliyokaguliwa, yasiyo na mashimo.

Na kuna msaada ambao hauhitaji pesa taslimu. Kupitia sheria yake ya fedha ya kila mwaka, kaunti inaweza kupunguza ada ya maegesho ya mwezi kwa magari ya umeme, au kuyapa nafasi ya mbele steji. Kwa mwenye gari hiyo ni pesa halisi. Kwa magari yake yenyewe, kaunti inaweza kukodisha badala ya kununua. Serikali ya kitaifa imekuwa ikikodisha magari ya polisi tangu 2013, kwa hiyo wahasibu wanaujua mtindo huo.

Hatua ya saba: ruzuku na kaboni, bila ndoto

Kenya Climate Innovation Center na AECF, zote zikiwa Nairobi, zimekuwa zikisaidia biashara za tabianchi kwa nyakati tofauti, na kila moja hutangaza miito yake. Soma masharti kwanza: mara nyingi hutaka biashara iliyosajiliwa, hesabu zilizokaguliwa, na mchango wako mwenyewe. Rwanda iliunganisha mfuko wake wa kijani na benki yake ya maendeleo katika mpango wa Ireme Invest, ili ruzuku ya kuandaa mradi ifuatwe na mkopo. Hapa inabidi uunganishe mwenyewe: omba ruzuku ya upembuzi na mafunzo, na kwenye ombi hilohilo ambatisha barua ya benki inayosema iko tayari kukopesha magari.

Hatari ya sarafu isikupite. Nauli ni shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160, na miezi michache baadaye ikawa karibu Sh130. Rejesho la dola lingekuwa limekupeleka juu na chini bila wewe kufanya kosa lolote. Kama mkopo ni wa dola, asiyeweza kubeba mtikisiko huo asikubali kuubeba.

Kuhusu kaboni, yaani kuuza tani za hewa ukaa ulizopunguza, piga hesabu kabla ya kumsikiliza dalali. Lita moja ya diseli hutoa kama kilo 2.68 za hewa ukaa. Lita 40 kwa siku, siku 312 kwa mwaka, ni tani 33 hivi. Tani ikiuzwa dola 10, basi moja linaleta takriban dola 330, yaani Sh43,000 kwa mwaka, kabla ya gharama za uhakiki. Hazinunui hata seti ya matairi. Zinaanza kuwa na maana zikikusanywa kwa mamia ya magari, na ndiyo sababu kampuni za betri huzipenda. Angalia mkataba wako: haki za kaboni ni za nani? Kama zimeenda kwa kampuni, ziombe zirudi kama punguzo la malipo ya kilomita. Biashara hii inasimamiwa na kanuni za 2024 za masoko ya kaboni, kwa hiyo anayekuahidi pesa bila kutaja idhini ya serikali mwache aende.

Hatua ya nane: faili, benki, na baada ya pesa

Faili iwe na cheti cha usajili wa sacco, leseni za NTSA (mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani), hesabu zilizokaguliwa, cheti cha kodi cha KRA, azimio la mkutano mkuu lenye idadi ya kura, nukuu za bei kutoka kwa wauzaji wawili, makadirio ya Kenya Power, mkataba wa ardhi, daftari na taarifa ya tili. Azimio la mkutano ndilo linaloangusha wengi. Mwenyekiti akitia sahihi peke yake, kisha uchaguzi ukaja, mkopo unaanza kugombaniwa.

Anza na benki ambako tili yako huingiza pesa. Benki Kuu ilitoa mwaka 2025 mwongozo wa kuainisha fedha za kijani, kwa hiyo benki zina haja ya mikopo zinayoweza kuihesabu hivyo. Omba kuonana na dawati linaloshughulikia hilo, usiishie kwa afisa wa kaunta. Chini ya sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, chaja na hata malipo utakayopokea baadaye yanaweza kusajiliwa kama dhamana, si shamba la mzee peke yake. Wakopeshaji wakubwa wa kimaendeleo kama BII ya Uingereza na DFC ya Marekani hawakopeshi sacco ya magari 30. Wamekopesha kampuni kama BasiGo, na pesa zao zinakufikia kupitia mkataba wa kilomita.

Mkopo ukitoka, mtumie mkopeshaji ukurasa mmoja kila mwezi hata kama hajaomba: kilomita, yuniti zilizonunuliwa usiku na mchana, siku ambazo gari halikutoka, na hali ya betri kama inavyosomwa kwenye mfumo wa gari. Mkizoea kuchaji mchana kwa sababu dereva alichelewa kurudi, ukurasa huo utawaonyesha kabla bili haijawaonyesha. Ombi la mabasi ya ruti ya pili lisubiri hadi kurasa hizo ziwe zimepita msimu mmoja wa mvua na likizo moja ndefu ya shule.